Saturday Night Live ya zamani au ya sasa: ukiwa Kampala uanzie wapi?

Kila Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Marekani, inapofungua msimu mpya, malalamiko hurudi yale yale: kipindi kimekwisha, waandishi wameishiwa, wale wa zamani ndio waliojua kuchekesha. Kipindi chenyewe kilianza kurushwa New York tarehe 11 Oktoba 1975, na malalamiko hayakuchelewa kuzaliwa. Sisemi ni ya uongo. Yapo ya kweli, na nitayafikia. Ila hayamsaidii mtu wa hapa Uganda mwenye swali dogo tu: nina bando la wikendi, nina hamu ya kucheka, nifungue miaka ipi?

Wanaoniuliza swali hili wengi wao walimjua Eddie Murphy, Adam Sandler na Will Ferrell kwenye vibanda vya video, sauti zao zikiwa zimefunikwa na VJ anayesimulia kwa Kiganda, halafu wakaja kusikia kwamba wote watatu walipitia kipindi kimoja cha televisheni. Ni wachuuzi wa Kisenyi, Wakongomani, Wakenya waliohamia huku, askari waliojifunzia Kiswahili kambini. Televisheni za Kampala huchekesha kwa Kiganda na Kiingereza. Mtu wa Kiswahili huangalia Nairobi na Dar es Salaam, na akimaliza huko anavuka bahari. Kiingereza wanakijua kwa viwango mbalimbali, na katika kuchagua msimu wa kutazama jambo hilo lina uzito mkubwa.

Kwa asiyekijua: ni dakika 90 za maigizo mafupi, mubashara, kila Jumamosi usiku kutoka studio 8H katika jengo la kituo cha televisheni cha NBC pale Rockefeller. Kila wiki kuna mgeni mmoja maarufu anayeongoza, mwanamuziki anayeimba mara mbili, na katikati kuna taarifa ya habari ya mzaha iitwayo Weekend Update. New York inakuwa saa tano na nusu usiku. Kwetu ni Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na Wamarekani wakisharudisha saa zao nyuma mwezi Novemba inakuwa saa moja na nusu. Muda huo wengine wako njiani kwenda misa ya kwanza na wengine ndio wanaingia kitandani. Kwa hiyo karibu sote tunakiona baadaye, tena kwa vipande.

Ninapima nini

Wamarekani wakilinganisha misimu hupima nani alikuwa fundi zaidi. Mimi napima kitu kingine: kabla ya kucheka, inakubidi ujue nini? Igizo linalotaka umjue seneta fulani, tangazo fulani la sabuni na mtangazaji fulani wa vipindi vya watoto, likifika Kawempe limekwisha kufa njiani. Igizo la mtu mnene anayeangukia meza ikavunjika vipande halitaki ujue chochote. Kwa kipimo hiki, msimu unaosifiwa sana kwao unaweza kutuchosha, na msimu unaotukanwa kwao ukawa na igizo linalotugusa kuliko lolote.

1975 hadi 1980: historia kuliko kicheko

Hapa nitakuwa mfupi. Waigizaji walikuwa 7 tu wa kuanzia, akiwemo John Belushi, Gilda Radner, Dan Aykroyd na Chevy Chase, na mtayarishaji alikuwa Lorne Michaels. Watu wa umri wao waliwapenda mno kwa sababu televisheni ya Marekani haikuwa imewahi kuwa na utundu ule. Leo ukizitazama utaona zinakwenda taratibu, igizo linaendelea hata baada ya kicheko chake kwisha, na nusu ya mzaha ni marais wao wa wakati huo, Nixon, Ford na Carter. Kinachosalia ni Chase akianguka huku na huko akijifanya Rais Ford, na Belushi akiwa samurai anayenguruma Kijapani cha kubuni, ambapo Mkongomani asiye na Kiingereza na profesa wa Makerere wanacheka kwa wakati mmoja. Jambo moja la kwetu: Garrett Morris, mweusi pekee katika kundi lile, aliwahi kumwigiza Idi Amin, wakati Amin mwenyewe bado yuko madarakani hapa. Ukilitazama leo, sina hakika kama utacheka. Mimi lilinifanya nifikirie zaidi ni nani hapa nyumbani angethubutu kulicheza mwaka ule.

1980 hadi 1985: jina bila watu

Mwaka 1980 Michaels aliondoka na waigizaji wote wakaondoka. NBC ikabaki na jina, studio na saa ya kurusha. Jean Doumanian akapewa kipindi, akakusanya watu wapya, na kabla msimu haujaisha alikuwa ameshafukuzwa. Akaja Dick Ebersol.

Wapenzi wa komedi ya Kiswahili wanajua kisa kinachofanana na hiki, ila kwa upande wa pili. Kundi la Ze Comedy, akina Joti, Masanja Mkandamizaji na Mpoki, lilipohama kutoka EATV kwenda TBC, jina halikuhama nalo, wakalazimika kujiita Orijino Komedi. Kule Marekani jina lilibaki na watu wakaenda. Tanzania watu walibaki pamoja na jina likaachwa nyuma. Watazamaji waliwafuata watu. Sijasikia mtu akisema anakumbuka Ze Comedy iliyobaki bila Joti. Ndiyo maana mtu akiniambia Saturday Night Live ni kipindi kimoja cha nusu karne, nasita. Ni vikundi kadhaa tofauti vilivyopangana chumba kimoja, kimoja baada ya kingine, na mwenye nyumba akabakisha kibao kile kile mlangoni.

Kilichookoa miaka ile ni kijana wa miaka 19 aliyeitwa Eddie Murphy. Shemeji yangu ana msimamo mkali hapa.

"Shem, kile kipindi kilizikwa siku Murphy alipoondoka. Waliobaki ni wafiwa."

Nilimuuliza ameona misimu mingapi baada ya hapo. Akaniambia mtu haendi kuchungulia kaburi. Hakuna ubishi unaoshinda jibu kama hilo, lakini hata yeye anakubali kwamba katika miaka ile ukimtoa Murphy hubaki na kitu cha kutazama. Chagua vipande vyake tu. Kile cha James Brown anayeingia kwenye beseni la maji ya moto kinaeleweka na mtu yeyote aliyewahi kumsikia James Brown, na Afrika Mashariki nani hajamsikia? Kile anachomwiga mtangazaji wa kipindi cha watoto cha Kimarekani kiache, hakina mlango wa kuingilia kwetu.

1986 hadi 1994: hapa ndipo ningeanzia

Michaels alirudi mwaka 1985, msimu wake wa kwanza ukawa mbaya kiasi kwamba kipindi kilinusurika kufutwa, na mwaka uliofuata akaleta kikosi kipya: Dana Carvey, Phil Hartman, Jan Hooks, Kevin Nealon. Miaka minne baadaye wakaongezeka Chris Farley, Chris Rock, Adam Sandler na David Spade. Nikilazimishwa kuchagua kabati moja la kanda na kuacha mengine yote, nachukua hili, na sababu ni maigizo mawili ambayo yanaweza kusimama mbele ya mtazamaji yeyote wa hapa.

La kwanza ni la Desemba 1992. Bill Clinton ameshachaguliwa lakini hajaapishwa. Hartman anaingia McDonald's akiwa amevaa nguo za mazoezi, walinzi nyuma yake, jasho linamtoka, kumbe mbio zenyewe zilikuwa za kufikia chakula. (McDonald's Uganda hatuna, lakini tuna KFC, inatosha kuelewa.) Anasalimia wateja meza kwa meza, na kila meza anadokoa kitu. Mteja mmoja anamuuliza kuhusu Somalia, ambako siku hizo hizo wanajeshi wa Marekani walikuwa wanaingia. Clinton anaanza kufafanua sera kwa kutumia chakula cha watu: hiki ni chakula cha msaada, kimetumwa, lakini kabla hakijawafikia wananchi kinanaswa na mbabe wa kivita. Anakitia mdomoni. Msaada mwingine unatumwa, huu hapa, kwenye sahani ya mwenzako. Nao unanaswa na mbabe wa kivita. Anautia mdomoni. Sauti haipandi hata kidogo, anaeleza kwa upole wa mwalimu, na mashavu yamejaa.

Wamarekani wanalipenda igizo hili kwa sababu ya Clinton. Sisi tuna njia nyingine ya kuliingia. Jeshi la Uganda liko Somalia tangu Machi 2007, na watu waliokulia kaskazini mwa nchi hii wakati wa kambi za wakimbizi wa ndani wanajua vizuri gunia la msaada hupungua vipi kati ya lori na sufuria. Niliwahi kulitazama pamoja na askari mstaafu aliyetumikia Mogadishu. Hakujua Hartman anamwiga nani. Alijua tu kwamba mkubwa mwenye walinzi anawaeleza raia njaa huku anakula sahani zao, akacheka mpaka akaomba lirudishwe mwanzo. Kwangu mimi huo ndio mtihani, na igizo lilipita bila kujua linafanyiwa.

La pili ni la Mei 1993. Wazazi wamewakuta watoto wao na bangi, wanamleta mtu wa kuwapa nasaha, naye ni Chris Farley akiitwa Matt Foley. Suruali imevutwa juu ya tumbo, koti limembana, na kila baada ya muda anaipandisha suruali kwa mikono yote miwili. Anawatisha vijana kwa mfano wa maisha yake mwenyewe: ana miaka 35, ameachika, na anaishi ndani ya gari kando ya mto. Sauti inaanza kwa kupasuka na haishuki. Mtazame David Spade aliyekaa kwenye kochi: anafunika mdomo kwa mkono kwa sababu kicheko kimemshinda, na Christina Applegate, mgeni wa wiki ile, amegeuza uso. Halafu Farley anajitupa juu ya meza ya sebuleni na meza inasambaratika chini yake. Anainuka na kuendelea na nasaha. Kiingereza unaweza usishike hata nusu. Kila mtu hapa ameshakalishwa chini na mjomba aliyeshindwa maisha akaelezwa jinsi ya kufaulu.

Carvey naye alimwiga Rais George H. W. Bush kwa mikono na kigugumizi cha nusu sentensi, na kwa sababu alimchonga mtu badala ya sera, unaweza kucheka bila kujua kodi zao zilikuwaje. Bush aliposhindwa uchaguzi alimwalika Carvey Ikulu mwezi Desemba 1992 awachekeshe wafanyakazi wake. Wanasiasa wetu nao hualika wachekeshaji, ila mara nyingi kwa shughuli nyingine.

Jihadhari na mwisho wake. Carvey aliondoka 1993, Hartman 1994, na msimu wa 1994 hadi 1995 ulikuwa na watu wengi wenye vipaji waliokuwa hawaelewani na maigizo yasiyojua yaishie wapi. Machi 1995 jarida la New York lilichapisha makala ndefu juu ya jinsi kipindi kilivyooza. Kwa hiyo wale wanaodai kuharibika ni jambo la juzi, wakasome mambo ya mwaka 1995.

1995 hadi 2013, kwa haraka

Kikosi cha 1995 kilikuwa na Will Ferrell, Molly Shannon, Cheri Oteri na Darrell Hammond, na kipindi kikasimama tena. Ferrell anasafiri vizuri. Lile igizo la Aprili 2000 ambalo anagonga kengele ya ng'ombe katikati ya bendi inayojaribu kurekodi wimbo, tumbo likichungulia chini ya fulana, halihitaji maelezo. Lile la mashindano ya maswali na majibu ya watu maarufu linahitaji mengi, liweke kando mpaka uzoee.

Desemba 2005 kulitokea jambo lililobadili namna tunavyotazama hata sisi. Andy Samberg na wenzake walipiga video fupi ya kurap iitwayo Lazy Sunday, ikasambaa YouTube, mtandao ambao wenyewe haukuwa hata na mwaka. Tangu hapo kipindi kimekuwa kikitengenezwa kikijua kitakatwakatwa. Mwaka 2008 Tina Fey alimwiga Sarah Palin, mgombea umakamu wa rais, na huo ulikuwa ufundi wa hali ya juu, lakini mwambie kijana wa Busia aliyezaliwa 2004 Palin alikuwa nani uone uso wake. Bill Hader na Kristen Wiig ndio wa kutafuta katika miaka hii.

2014 hadi sasa: kuporomoka kwa kweli, na faida ambayo wengi hawaihesabu

Sasa tufike kwenye malalamiko yenyewe. Naona mambo mawili yaliyoharibika kweli, na yote mawili yanaonekana kwa macho.

La kwanza ni nyota wa kukodi. Zamani anayemwiga rais alikuwa mwajiriwa wa kipindi, kijana aliyekuwa anatafuta jina. Kuanzia 2016 Donald Trump aliigizwa na Alec Baldwin, mtu aliyekwisha kuwa na jina. Mwaka 2020 Joe Biden akapewa Jim Carrey. Mwaka 2024 Dana Carvey mwenyewe akarudishwa kumwiga Biden, Maya Rudolph akawa tena Kamala Harris. Ukumbi unalipuka kwa makofi nyota akitokea, na makofi hayo ni ya kumtambua mtu, kicheko bado hakijaanza. Igizo la kufungulia limekuwa gwaride: anaingia mmoja, anapigiwa makofi, anasema mistari yake akisoma kwenye makaratasi makubwa yanayoshikwa kando ya kamera, anampisha mwingine. Makaratasi hayo yamekuwepo miaka yote, ila Hartman alikuwa akikutazama wewe. Ajabu ni kwamba tangu 2021 wanaye James Austin Johnson, mwajiriwa wa kawaida, anayemwiga Trump kuliko Baldwin alivyowahi: anadaka mawazo yanavyohama katikati ya sentensi, na hilo linaeleweka hata kwa asiyefuata siasa zao.

La pili ni wingi. Waigizaji 7 wa mwaka 1975 walifika 21 katika msimu wa 47. Dakika ni zile zile 90, na matangazo yamo humo humo. Mtu anapata mstari mmoja kwa wiki, anajenga mhusika lini? Mwaka 2022, kabla msimu wa 48 haujaanza, 8 walikuwa wameondoka, akiwemo Kate McKinnon, na mpaka leo kipindi kinamtegemea sana Kenan Thompson, aliyepo tangu 2003 na ambaye hajawahi kufikiwa na yeyote kwa muda wa kukaa. Kenan akiwa kwenye igizo dhaifu, kugeuza tu macho yake upande na kukunja midomo kunaliokoa.

Lakini shika kipimo changu tena: inakubidi ujue nini? Msimu wa 2013 ulipoanza, kipindi kilishutumiwa kwa kutokuwa na mwanamke mweusi hata mmoja. Januari 2014 akaingia Sasheer Zamata, na mwaka huo huo Leslie Jones. Na katika miaka hii hii inayodharauliwa ndipo yalipoandikwa maigizo ambayo kwa mtazamaji wa Afrika yanazidi karibu yote ya zamani.

Oktoba 2014: Bill Hader ni mzungu mwenye ndevu nyeupe anayetembea kijijini akiomba watazamaji watoe senti 39 kwa siku. Nyuma yake wanakijiji wamesimama kimya, kama matangazo hayo yanavyotaka wasimame. Halafu mmoja anauliza: mbona umeanza chini hivyo? Omba zaidi. Mwingine anasogea. Bei hiyo umeipataje? Yeye anaendelea kuitabasamia kamera, na wao wanaanza kumsimamia kama wakaguzi. Aliyekulia Gulu au Kitgum, akayaona magari meupe yenye antena ndefu yakipita na kamera ndani, hana haja ya kufasiriwa.

Aprili 2018: Chadwick Boseman anakuja kama T'Challa, mfalme wa Wakanda, nchi ya Afrika ya kubuni katika filamu ya Black Panther, kwenye mchezo wa maswali uliotungwa kwa Wamarekani weusi, Kenan akiwa mwendeshaji. Anaulizwa ufanye nini polisi akikuuliza kama unajua lolote kuhusu wizi mtaani kwenu. T'Challa anajibu kwa heshima zote kwamba utamwambia ofisa huyo kila unachokijua na kumsaidia kumsaka mhalifu, maana walinzi wa sheria wapo kutulinda. Kenan anamwangalia kwa huruma. Ilipaswa iwe sahihi, lakini inaonekana hujakaa sana Marekani. Kicheko kilichoandikwa pale ni cha tofauti kati ya Mwafrika na Mmarekani mweusi. Mtu wa Kampala ana kicheko chake cha pili, kuhusu polisi, ambacho waandishi wa New York hawakukipanga.

Na Aprili 2021 mgeni wa wiki alikuwa Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London wa wazazi Waganda. Kipindi chenyewe wiki ile kilikuwa cha wastani. Nakitaja kwa sababu WhatsApp ya Jumapili ile ilijaa watu waliokuwa hawajui kipindi hiki kipo.

Hila iliyomo ndani ya ulinganisho

Michaels amesema mara nyingi kwamba kila mtu hukipenda zaidi kikosi alichokikuta akiwa shule ya sekondari. Kwa Wamarekani hilo linaeleza mengi. Sisi hatukukulia nacho, kwa hiyo tungetegemea kuwa waamuzi safi, lakini tuna kasoro yetu. Cha zamani kimetufikia kikiwa kimechaguliwa na watu kwa miaka 30. Cha sasa kinatufikia chote, wiki kwa wiki. Ni kulinganisha mchele uliopetwa na mchele wenye chuya, halafu kusema wakulima wa siku hizi hawajui kulima.

Dawa yake ni kutafuta kipindi kimoja kizima cha 1991 au 1992 na kukikalia dakika zote. Utakuta baada ya Weekend Update kuna maigizo mawili matatu ambayo hayajawahi kuwekwa kwenye mkusanyiko wowote, na utaelewa kwa nini. Jumatatu waandishi hukutana na mgeni, Jumanne wanaandika usiku kucha, Jumatano yanasomwa mezani maigizo karibu 40, Alhamisi na Ijumaa ni mazoezi na useremala wa majukwaa, Jumamosi saa mbili usiku wanacheza mbele ya watu kwa majaribio, wanakata yaliyofeli, na saa tano na nusu wako hewani. Kwa ratiba hiyo hakuna kikosi kilichowahi kutoa dakika 90 nzuri kila wiki, hata cha Hartman.

Basi uchague nini

Kama Kiingereza chako ni cha kusukumana nacho, au unatazama na mtu wa namna hiyo, anza na Farley, urudi kwa samurai wa Belushi, uende kwa Ferrell. Kama hapo bado kunakuwa na kuta, hakuna aibu kubaki na vya kwetu: Orijino Komedi, Vitimbi ya Mzee Ojwang na Mama Kayai, au video fupi za Anne Kansiime, ambaye anaweza kukuchekesha kwa kunyamaza tu.

Kama unatazama sebuleni na wazazi, kaa kwa Hartman na Carvey. Kipindi ni cha usiku na misimu ya karibuni haina breki za lugha. Usije ukaiwekea mama mkwe kwa kunisikiliza mimi.

Kama wewe ni mchekeshaji chipukizi, unayepanda jukwaani kwenye Comedy Store ya Alex Muhangi au unaandikia kikundi chenu cha mtaani, ushauri wangu unageuka kabisa: tazama ya sasa, tena nzima, tena zile dakika za mwisho kabla ya saa saba usiku ya kwao, ambapo huwekwa maigizo ya ajabu ajabu ambayo hakuna aliyeyaamini. Hapo unaona jinsi igizo linavyofeli na mwigizaji anavyofanya nalo likiwa linafeli mikononi mwake. Mkusanyiko wa vichekesho bora hauwezi kukufundisha hilo.

Na kama tatizo ni bando, ambalo tangu Julai 2021 lina kodi yake ya asilimia 12, usinunue kipindi kizima cha msimu wowote. Tafuta McDonald's ya Hartman, Matt Foley wa kwanza, senti 39 na T'Challa. Ukishaona hayo manne utajua mwenyewe uko upande gani. Ukiangukia upande wa sasa, ruka igizo la kufungulia, nenda moja kwa moja Weekend Update, halafu mtafute Kenan popote alipo.